Anachokula Nyani

Miyuji, tarehe 4 Machi 1912

Kwa mjukuu wangu Yudith, mke wa Nikodemo, huko Mtera.

Mbukwa, mke mwenzangu. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, nalo limezoea kunisumbua na mimi nimezoea kulitukana. Mvua huku imekuja vibaya, uwele umeota mmoja hapa mmoja kule kama ndevu za kijana. Ng'ombe wazima. Wewe je, na mumeo? Unakula, au unafundisha tu?

Barua yako ameileta Rehani, yule muuza chumvi wa Makole. Nimeisoma siku mbili, maana wewe unaandika mbio na mimi nasoma kwa kidole. Nilisoma miezi minane tu, darasa la ubatizo, kichwa kimeshajaa mvi, na kuandika nimejiongezea mwenyewe kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe. Siku nyingine andika herufi kubwa, unamwandikia mtu, humwandikii sisimizi.

Sasa nirudie ulichosema nione kama nimeelewa. Misheni imekupa watoto ishirini na saba, wadogo, wa miaka mitano hadi minane. Imekupa na kitabu cha picha kilichotoka Ujerumani, cha wanyama wote wanaonyonyesha watoto wao, uwafundishe watoto kila mnyama anakula nini. Mwezi wa saba atakuja mkaguzi kuwauliza. Akikuta watoto hawafiki kumi na watano, darasa linafungwa. Na kitabu kina dubu, kina sijui kulungu gani mwenye pembe kama matawi ya mti, lakini wanyama wa kwetu wengi hawamo. Ndipo ukamkumbuka bibi yako.

Yudith. Nilikutoa kwangu una miaka sita, mama yako alipofariki, nikakupeleka kwa mabibi wa misheni usome. Watu wa hapa wote walinicheka, wakasema nimetupa mtoto. Umesoma miaka kumi na mitatu. Halafu unatuma barua mwendo wa siku tano kuniuliza pimbi anakula nini.

Pimbi anakula majani. Anakaa mwambani, anashuka asubuhi, anakula, anarudi juu kukutazama kama wewe ndiye mgeni. Muhanga anakula mchwa, anachimba kichuguu anaingiza ulimi, meno yake hayana kazi kubwa. Popo ananyonyesha, ndiyo, usishangae, nimemwona na mtoto kifuani. Wale wadogo wanakula mbu na wadudu, wale wakubwa matunda. Kiboko anakula nyasi. Watoto wa mtoni huko watakuambia anakula samaki kwa sababu wanamwona majini, wakatalie. Nyegere anakula asali na wale watoto wa nyuki wenyewe, na panya, na nyoka, hana adabu. Nungunungu anakula mizizi na maboga yangu. Utamkuta anaguguna mfupa, ananoa meno tu, si mla nyama. Fisi anakula kila kilichokuwa mnyama: nyama, mfupa, ngozi, hata viatu vya ngozi vya marehemu babu yako alivila na kamba zake. Na usiwaambie watoto anakula mizoga tu, ndama mzima pia anambeba.

Ng'ombe, nguruwe, na nyani usiniulize. Hao hata mtoto wa mgongoni anawajua. Mimi si mtu wa kuandikishwa mambo ya mtoto wa mgongoni, karatasi yenyewe nimeomba.

Msalimie mumeo, mwambie aezeke hilo darasa kabla mvua haijawaangukia.

Ni mimi bibi yako,
Zipora


Mtera, 28 Machi 1912

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Natumaini goti limepata nafuu. Sisi wazima, Nikodemo anakusalimu sana na anasema paa ameshalipaka udongo, asante kwa kumkumbusha.

Bibi, barua yako imenisaidia kuliko unavyodhani. Nimewasomea watoto habari ya fisi na viatu vya babu, wakacheka mpaka wakalala chini. Sasa nikueleze tunavyofanya. Nimechora maduara matatu ya majivu sakafuni. La kwanza la walao majani na matunda, la pili la walao nyama, la tatu la walao vyote. Watoto wamefinyanga wanyama kwa udongo wa mtoni, kila mmoja wa kwake. Mtoto anasimama na mnyama wake, anataja jina, anamweka kwenye duara, na wote tunaimba: pimbi duara la majani, chui duara la nyama. Hata wa miaka mitano wameshika.

Wengi wao, kumi na wanne, ni wajukuu wa mzee mmoja anaitwa Matonya, mwenye mifugo mingi kuliko wote hapa. Alikuwa hataki shule. Nikodemo alikwenda kwake mara tano kabla hajakubali, na wengine wakaleta watoto kwa kuwa yeye ameleta. Kwa hiyo unaona, nikimridhisha Matonya nimemaliza.

Kuna mjukuu wake anaitwa Tabu, miaka minane, mkaidi sana, angekufurahisha. Jana nyani alikuwa wake. Akamweka duara la walao vyote. Nikamwambia hapana, tazama kitabu, nyani amekaa mtini na tunda mkononi, na chini kwa Kijerumani wameandika matunda na majani. Nikamhamisha. Tabu akamrudisha. Nikamhamisha tena, akamrudisha tena, akaniambia mbele ya wote kwamba sijui. Nikamsimamisha ukutani mpaka mwisho wa darasa, maana wakianza kunijibu hivyo nitawezaje na ishirini na saba? Baadaye tukaimba nyani duara la majani, mara nyingi, ili wasisahau. Mdogo wake Sila, wa miaka sita, ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote.

Niombee Bibi mpaka huo mwezi wa saba upite.

Mjukuu wako akupendaye,
Yudith


Miyuji, tarehe 15 Aprili 1912

Yudith.

Salamu zipo, utazikuta mwisho.

Mtoe nyani kwenye hilo duara. Leo. Ukiwa umesimama soma umesimama, ukimaliza nenda ukamtoe.

Nyani anakula watoto wa mbuzi. Nani asiyejua hili? Anakula matunda, anakula mizizi, mahindi, nge, mayai ya kanga, na mbuzi anapozaa yeye yupo mwambani anahesabu. Anashuka mchana kweupe, si kama fisi. Anamshika mwanambuzi kama anavyoshika boga, anampasua tumbo, kwanza anataka yale maziwa aliyonyonya. Mama yako mwenyewe alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kukaa na fimbo kwenye kibanda cha wanambuzi na kupiga kelele akiona nyani. Watoto wadogo ndio wanaowekwa kazi hiyo, wakubwa wako na ng'ombe. Hao hao wa miaka sita. Hao hao unaowaimbisha.

Na huyo Tabu umemsimamisha ukutani kwa kukuambia kweli. Wewe ndiye ulipaswa kusimama ukutani.

Rehani amekwenda Kilimatinde na chumvi yake, wanasema atakaa. Nimemtafuta mtu wa kwenda Mtera tangu juzi, wote wanalinda ndege mashambani. Nimekwenda kwa jumbe, akaniambia barua ya nyani si kazi ya serikali. Barua hii imekaa imeandikwa na mimi naiangalia tu, roho inaniuma.

Nipo mzima. Salamu.

Bibi yako


Mtera, 17 Aprili 1912

Kwa Bibi,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Machi na naandika hii mbio tena, nisamehe mwandiko.

Juzi asubuhi Sila alikuwa amekaa na wanambuzi nyuma ya tembe ya babu yake. Mama yake alikwenda mtoni. Nyani wakashuka, Sila anasema walikuwa sita. Alikuwa na fimbo na hakuinua. Alidhani wamekuja kuokota matunda ya mkuyu ulio pale zizini, akawaacha waokote. Akaendelea kuimba, Bibi. Mama yake anasema alisikia wimbo akiwa mtoni, akajua mtoto yupo salama.

Yule mkubwa alipomshika mwanambuzi, Sila hakukimbia. Alimshika mbuzi mguu akavuta, huku akimweleza nyani kwamba hicho si chakula chake. Hivyo ndivyo alivyotusimulia, kwamba alimweleza. Nyani akamng'ata mkono, hapa chini ya kiwiko, akaacha matundu mawili makubwa. Wanambuzi wanne wamekufa. Tabu ndiye aliyefika na mawe akawafukuza.

Jana darasani wamekuja watoto saba. Matonya amezuia wajukuu wake wote na jirani zake wamemfuata. Nimemtuma Nikodemo akazungumze naye kama mwanamume na mwanamume. Alipewa kigoda, akapewa maziwa, akaambiwa habari za mvua mpaka jioni, akarudi. Matonya hakumruhusu hata kulitaja jambo lenyewe.

Bibi, niseme lililo moyoni. Nilikuuliza wanyama wote, na wewe ukaandika nyani usiniulize. Ningejua, ningemwambia mtoto.

Homa ya Sila haijashuka. Mwezi wa saba uko karibu na mimi nina watoto saba.

Yudith


Miyuji, tarehe 6 Mei 1912

Kwa Yudith,

Mbukwa. Rehani amerudi kwa njia ya Mtera, ameniletea yako, na wakati huohuo ya kwangu ya nyani amekuta bado ipo hapa, imefunikwa na vumbi. Anakuletea hiyo pamoja na hii. Ya kwanza uisome tu ujue kwamba niliandika. Haina kazi tena.

Kwanza mtoto. Jeraha la nyani halifungwi na kitambaa kama mnavyofanya misheni, linaoza ndani. Lioshwe kwa maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni, hata akilia, hasa akilia. Rehani nimemwambia atoe chumvi safi, si ile ya mchanga anayowauzia wasio na macho. Andika upesi homa imekuwaje.

Pili. Unaniandikia kwamba nilisema nyani usiniulize. Nimeitafuta hasira ya kukujibu, sikuipata. Ni kweli. Nilijua nikanyamaza kwa majivuno, nikaona ni neno dogo mno kwa mtu kama mimi. Sikukumbuka kwamba ulikulia ndani ya ua wa misheni, maziwa yanakuja kwenye kikombe na aliyechunga humjui. Mimi ndiye niliyekupeleka huko. Basi hilo ni langu. Hilo tu. Yaliyobaki ni yako, tena ni mengi, kaa chini.

Mtoto alikuambia ukamwadhibu. Hapo tayari ulikuwa umeambiwa, usiseme hukuambiwa. Alikuambia mtu mwenye miaka minane anayelala na mbuzi nyumba moja, ukamwamini mtu wa Ujerumani aliyechora. Halafu kosa likatokea, ukamtuma mumeo akaliombee. Nikodemo ndiye aliyeimbisha? Matonya hakumruhusu aseme kwa sababu hakuwa na la kusema. Mzee huyo simjui lakini kwa hilo nimemkubali.

Utafanya hivi. Kwetu aliyekosa kwenye mifugo ya mtu haendi mlangoni pa nyumba. Anakwenda lango la zizi, alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, anakaa chini palepale katikati ya njia. Usipige hodi wala usilie, machozi yako hayamhusu. Kaa. Ng'ombe hawawezi kutoka bila kukupita, na hakuna mtu anayependa ng'ombe wake wapige kelele zizini jua limeshapanda. Atakuja. Akija sema ulichofanya, kwa maneno machache. Usitaje kitabu kabla hujajitaja wewe. Ukitaka, sema bibi yako naye alijua hakusema. Nimeandika hili mara tatu nikafuta mara mbili, kwa hiyo ulitumie.

Na mkaguzi mwache kwanza. Unamwogopa mtu wa mwezi wa saba wakati mtu wa leo amekaa jirani yako.

Bibi yako


Mtera, 2 Juni 1912

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Nianze na unalosubiri: homa ya Sila imeisha. Mkono umekauka, vidole viwili havijakunjika vizuri bado lakini anashika kijiko. Anadai chumvi ya Rehani iliuma kuliko nyani.

Nilikwenda zizini kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilikaa tangu giza. Matonya akatoka, akaniona, akarudi ndani. Ng'ombe wakaanza kulia. Mara nasikia mapanga upande wa pili. Bibi, alikata ua wa miiba akafungua lango jipya, akatoa ng'ombe kwa huko. Watoto wote walikuja kutazama. Nikabaki nimekaa mbele ya zizi tupu.

Nilitaka kukuandikia barua mbaya siku ile.

Siku ya pili nilikwenda nikakaa lango jipya. Akatoa ng'ombe kwa lango la zamani. Wake zake walikuwa wanacheka waziwazi. Mmoja aliniletea uji, akaniambia nisichoke, eti mzee hajafurahi hivi tangu mavuno. Siku ya tatu akaja akasimama juu yangu na fimbo yake, akaniuliza kama nina nia ya kuumaliza ua wake wote.

Nikasema. Nilimwambia nilifundisha uongo kwa sababu sikujua na sikutaka mtoto ajue kuwa sijui. Nikasema Tabu aliniambia nikamwadhibu. Nikakutaja na wewe, Bibi, kama ulivyoniruhusu. Hapo alicheka kidogo, akasema angependa kumwona mwanamke huyo.

Halafu akaomba kitabu. Akaitazama ile picha muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Akaniambia, "Mwalimu, aliyechora hakusema uongo. Alimkuta nyani ameshashiba."

Akataka mambo mawili: niseme mbele ya watoto kwamba Tabu alikuwa sahihi, na yeye aje kukaa darasani asikie tunayofundisha. Nikakubali. Jumatatu wamerudi watoto ishirini na sita. Nilimwita Tabu, nikasema niliyosema zizini, nikampa nyani wake. Akamweka duara la walao vyote bila haraka, kisha akanitazama mpaka nikainamisha macho mimi. Matonya anakuja kila siku na kigoda chake. Anabishana nami juu ya ngiri, juu ya sungura, juu ya kila kitu. Amenichosha. Lakini watoto wanajua sasa kwamba mtu akibisha anatakiwa aeleze alichoona na wapi alikiona.

Mjukuu wako,
Yudith


Miyuji, tarehe 22 Juni 1912

Yudith,

Mbukwa. Nimesoma. Vizuri.

Siku tatu kwa ua wa miiba si nyingi. Babu yako mimi nilimkalisha lango la baba yangu siku saba, na hakuwa amemkosea mtu, alikuwa anataka kuoa tu.

Mwambie huyo Matonya kuhusu ngiri: anakula majani na mizizi, anapiga magoti akila, lakini akikuta mzoga haupiti hivihivi. Kama amesema vinginevyo amekosa.

Bibi yako


Mtera, 19 Julai 1912

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi. Sisi wazima wa mwili.

Mkaguzi amekuja. Alishuka treni Dodoma akaletwa na wapagazi, amefika amechoka na koo linamuuma. Watoto walikuwa ishirini na sita, wameoga, hata Matonya alikuwa ameoga, amekaa na kigoda chake nyuma.

Walijibu vizuri. Kiboko, muhanga, popo, dubu hata, yule wa kwenye kitabu. Mkaguzi alikuwa anatabasamu. Halafu akafungua ukurasa wa nyani na kidole chake kikamwangukia Sila. Sila akasema nyani anakula vyote, na wanambuzi. Mkaguzi akasema hapana, atazame picha. Sila hakutazama picha. Alikunja mkono wa shati akamwonyesha kovu.

Mkaguzi hakuelewa, Nikodemo akamtafsiria. Matonya naye akasimama, akaeleza habari ya mbuzi wake wanne, akaonyesha na mwamba walikoshukia. Mkaguzi akasikiliza, kisha akaangalia kitabu tena. Akaniambia kwa upole, Bibi, hakufoka, kwamba labda ni mnyama mwingine, watu wa hapa huchanganya. Akataka niwasahihishe watoto palepale ili aandike kwamba wamefaulu.

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu. Tabu alikuwa mstari wa mbele.

Nikasema, "Bwana, kitabu kimekosa. Na mimi nilikosa kwa kukifuata."

Akaandika kwenye daftari lake, muda mrefu. Akasema darasa halifungwi, watoto wanatosha. Lakini mwezi wa kumi ataletwa mwalimu mwanamume anayefuata kitabu. Mimi nitawafundisha wasichana kushona.

Matonya aliondoka bila kuaga na kigoda amekiacha. Leo siku ya tatu hajaja. Nadhani nimewaudhi wote sasa, wa misheni na wa hapa.

Sijui kushona, Bibi. Nirudi Miyuji?

Yudith


Miyuji, tarehe 8 Agosti 1912

Usifunge mzigo wowote. Kaa hapo ulipo, fundisha mpaka uambiwe acha, na ukiambiwa acha uliza ni nani anasema. Nimeandika kwa haraka, Rehani amesimama mlangoni.

Kuna mgeni hapa. Nitaandika.

Bibi


Miyuji, tarehe 14 Agosti 1912

Kwa mjukuu wangu Yudith, Mtera.

Mbukwa, mke mwenzangu. Mimi mzima, goti bovu, na nyumba yangu imeliwa.

Mgeni ni Matonya. Alitokea hapa siku ile Rehani alipokuwa anaondoka, amekuja kwa miguu na huyo mtoto Sila na Tabu, kwa kuwa Tabu alikataa kubaki. Aliulizia Miyuji nzima yuko wapi mwanamke aliyejua habari ya nyani akanyamaza. Ndivyo alivyoulizia, kwa maneno hayo, kila lango. Sasa hakuna mtu wa hapa asiyejua. Nimemwambia yeye ni mzee asiye na haya, akaniambia alikuwa na haraka na hakujua jina langu jingine.

Amekaa siku sita. Anakula mlenda wangu wote, anasema mbuzi wangu ni wembamba, anabisha kuhusu ngiri. Usiku wa pili nilimwambia alale zizini na hao mbuzi wembamba, akalala, asubuhi akasema wana adabu kuliko mimi. Sijui umewezaje kukaa naye darasani.

Alitaka kujua anapokaa mkubwa wa yule mkaguzi. Nikamwambia mjini, nyumba ya misheni yenye bati. Akasema twende. Nikamwambia mimi siendi kumwomba mtu wa nyumba ya bati. Akasema hataki niombe, anataka mtu wa kumsemea kwa Kiswahili, maana chake ni kidogo na akikasirika kinakwisha.

Basi tulikwenda. Goti na yote.

Tulikalishwa barazani tangu asubuhi. Mpishi wao alitoka mara mbili kutuambia Bwana ana kazi. Matonya akatandika ngozi yake katikati ya mlango, palepale wanapopitia, akakaa. Nikajua hapo sina haja ya kumfundisha kitu. Bwana mwenyewe, mzee mwenye ndevu nyeupe, alipotaka kutoka ilibidi amruke au amsikilize.

Alimsikiliza. Mkaguzi alikuwa amekwisha kumwandikia, alikuwa na barua. Akauliza, kwa Kiswahili kizuri tu, kwa nini mzee ametembea siku tano kwa ajili ya mwalimu aliyemwumizia mjukuu. Akasema, mwalimu amekosa, mwenyewe amekiri kwa mkaguzi, sasa mzee anamtakia nini?

Mimi nikawa nimejiandaa kueleza. Nilikuwa na maneno mengi, ungenisikia. Matonya akaniwekea mkono kunizuia, akasema mwenyewe:

"Huyo alikosa akaja akakaa kwenye lango langu siku tatu. Mkaguzi wako nilimwambia nyani amekula mbuzi wangu, akaangalia kitabu. Niwaache wajukuu wangu na yupi?"

Bwana akaikunja barua ya mkaguzi. Alimwita Sila, akamshika mkono, akalitazama kovu kwa miwani, akavikunja vile vidole viwili kimoja kimoja taratibu. Akamuuliza bado vinauma? Sila akasema kidogo, akiandika. Bwana akauliza anaandika nini. Tabu ndiye aliyejibu, si unamjua, akasema anaandika majina ya wanyama, na mimi pia, na mwalimu akikosa tunamwambia.

Akaingia ndani. Tukasikia kalamu. Akatoka na karatasi yenye muhuri akampa Matonya. Matonya akaipokea kwa mikono miwili, akanipa mimi, mimi nikaisoma kwa kidole mbele yao wote na sikuona haya. Imo humu ndani ya bahasha, isome mwenyewe ukipata nguvu. Imesema mwalimu wa Mtera anabaki Mtera. Huyo mwanamume mwingine watampeleka kwingine.

Nje Matonya akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia jua linachoma, tuondoke.

Anaondoka kesho alfajiri na watoto, na barua hii ataileta yeye. Ananiuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia naandika kwamba anakula sana. Tabu amesoma juu ya bega langu akamwambia si kweli, kwa hiyo sasa nimeandika, ili iwe kweli: anakula sana.

Kushona usijifunze. Mumeo msalimie. Matonya anasema kwa mwendo wa mtoto watafika baada ya siku saba. Kesho yake fungua darasa.

Bibi yako,
Zipora